Nambari Thelathini na Nne

Bi Swafiya alizikwa Jumanne, nami nikafika Malindi Alhamisi, siku ya hitima, na mfuko wa sukari mkononi na leso nimejitanda vibaya, maana Mgiriama wa Ganda hata akae na Waswahili miaka mingapi, leso ya kichwani humteleza tu. Nilikaribishwa chumba cha ndani, kwenye mikeka, nikapewa sahani ya pilau na ndizi mbivu, na nyuma yangu wanawake wawili wakaanza kunong'onezana. "Yule ni nani?" "Si yule Mgiriama wa kompyuta?" "Yupi huyo?" "Yule aliyekuwa na marehemu kule bohari, wakiyeyusha madawa." Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Miaka karibu arubaini imepita, nimelea watoto na wajukuu, kanisani kwangu nina kiti changu, na bado mtaa mzima unanijua kwa mwaka mmoja tu! Lakini hawakukosea. Mimi mwenyewe nikiulizwa ni lini hasa nilipofumbua macho, nitataja mwaka ule, na chumba kile cha katikati, na harufu yake ya spiriti iliyochanganyika na iliki.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, darasa la saba, cheti cha kupiga chapa, na kichwa kilichojaa ndoto kama kapu la mtu anayekwenda harusini. Bohari yenyewe, ya dawa, ilikuwa nyumba ya mawe ya zamani, vyumba vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha chupa na makopo, rafu mpaka darini, kila chupa na nambari yake. Cha mwisho kilikuwa cha kufungia dawa kwenye vikaratasi, kwenda zahanati za Ngomeni, Sabaki, na kwetu Ganda. Cha katikati ndicho chetu, mimi na taipureta yangu upande wa dirisha, Bi Swafiya na taa yake upande wa ukuta. Unga wa dawa ulitujia kutoka mbali ndani ya makopo, na kabla haujafungwa ilibidi ijulikane kama ndani ya kopo mna kile kilichoandikwa nje. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Bi Swafiya. Alichukua kijineli cha kioo, kijibomba chembamba kama sindano ya kushonea, akaziba ncha yake kwa moto, akadokoa unga kidogo, akagonga-gonga mpaka ukashuka chini, usizidi ukucha wa mtoto mchanga. Kisha akakifunga kwa uzi ubavuni mwa kipimajoto, akavitosa vyote viwili ndani ya chupa ya mafuta, akawasha taa ya spiriti chini yake, akaketi. Hapo ndipo tulipojifunza kunyamaza. Hakuna kupiga chapa, hakuna kufungua mlango. Hata muuza mihogo aliyepita nje alijua kwamba akiona dirisha la bohari limefungwa, asiite.

"Kila kitu safi kina digrii yake, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza, macho yake hayabanduki kwenye kioo. "Haijafika, utakipigia magoti hakikusikii. Ikifika, kinakubali mara moja. Lakini kikichanganywa na uchafu, hukubali mapema, tena kwa kusitasita, nusu kimeyeyuka, nusu kimegoma. Kama mtu muongo. Hebu njoo utazame, kinaanza kutoa jasho." Nikasogea. Ule unga ulikuwa umejikusanya, unang'aa ukingoni, unatoa jasho kweli, na ghafla, pap! ukawa maji, safi kama chozi. "Imefika digrii yake," akasema Bi Swafiya, akasoma kipimajoto, akaandika kwenye daftari lake la jalada jeusi. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili kitupu lakini kwa herufi za chuo cha Kurani, kwa hiyo bohari nzima hakuna aliyeweza kulisoma isipokuwa yeye. Mimi alinitajia kwa mdomo nikapiga chapa. Jicho lile alilipata kwenye sufuria za halua za babake, alikowekwa tangu mdogo aitazame sukari, aseme tayari kabla haijaungua. Hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na kiti kile, taa ile, na jicho.

Tatizo letu lilikuwa jingine. Bi Swafiya alijua dawa imeyeyuka kwa digrii ngapi, lakini ilitakiwa iyeyuke kwa ngapi? Hilo liliandikwa katika kitabu kimoja kinene kilichokaa hospitali moja ya Mombasa, nasi tulipeleka barua tukangoja jibu wiki mbili, tatu. Ndipo siku moja Bwana Mutua, mkuu wa bohari, Mkamba mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni, akarudi kutoka Nairobi na pikapu, na nyuma ya pikapu kitu kimefungwa blanketi kama mgonjwa. "Hii ni kompyuta," akatangaza, kifua mbele. "Na hakuna mtu ataingia hapa na viatu. Vumbi inaiua." Bi Swafiya akavua ndara zake mlangoni, akaitazama ile mashine juu mpaka chini. "Basi ina adabu za nyumbani," akasema. "Si mbaya."

Jamani, niseme nini? Kioo cheusi, maandishi ya kijani yakimetameta kama vimulimuli, na diski pana nyembamba kama chapati iliyokauka! Bwana Mutua alifundishwa siku tatu Nairobi, akanifundisha mimi kwa siku moja, na siku ya pili mimi ndiye niliyekuwa nikimfundisha yeye. Sijisifu, ni mapenzi tu. Mtu akipenda kitu, mikono hujifundisha yenyewe. Ndani ya mashine mlikuwa na ukurasa mkubwa usio na mwisho, umegawanyika vyumba vyumba, kila chumba na anwani yake, na unaweza kukiambia chumba kimoja kiende kikapige hodi kwa kingine, kikuletee habari. Nilikuwa nikilala naviona vile vyumba. Nilikuwa nikisuka ukili wa mkeka na mama yangu, naona safu na mistari.

Bwana Mutua aliazima kile kitabu kinene kutoka Mombasa kwa wiki moja tu, akaahidi kukirudisha bila doa. Shauri lake lilikuwa hili: yeye asome kwa sauti, akifuata nambari za chupa kwenye rafu, mimi niandike nambari safu ya kwanza na digrii safu ya pili. Majina tuliyaacha. "Majina ni marefu, yanakula nafasi, na chupa iko na nambari," alisema, nami nikaona ni busara tupu. Tulikuwa na chupa themanini, nyingine bado tupu, zina lebo tu, zinangoja dawa zilizokuwa hazijawahi kufika kwetu. Tukaanza asubuhi. "Nambari thelathini na mbili, mia moja thelathini na tatu. Umeweka?" "Nimeweka." "Thelathini na tatu, kafuri, mia moja sabini na sita. Umeweka?" "Nimeweka." Na hapo hapo Bi Swafiya akaingia na sinia. Mahamri yangali yanatoa moshi, na bakuli la mbaazi za nazi, zito, limetiwa pilipili moja nzima juu kama taji. "Mtasoma mpaka mfe? Mashine haili, lakini nyie mnakula." Nikachovya hamri, nikatia mdomoni. Bwana Mutua, ambaye hakuwa mtu wa kusimamisha kazi kwa sababu ya mbaazi, akaendelea kusoma, akataja nambari na digrii, akauliza, "Umeweka?" Vidole vyangu vilikuwa vimejaa nazi. Nikaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa, yaani nimesikia, ninayo kichwani, nikijifuta tu ninaandika. Bi Swafiya akasema, "Mtazame, mashavu kama ya panya buku," tukacheka mpaka Bwana Mutua naye akacheka, akachukua hamri lake. Nikajifuta kwa leso. "Thelathini na tano," akasoma Bwana Mutua. Nikaandika thelathini na tano.

Jioni ya siku hiyo niliandika ile fomula ya kutafuta, na mpaka leo naiona kama shairi. Ilisema: chukua nambari iliyo katika chumba hiki, shuka nayo safu ya kwanza mpaka uifikie, ukifika geuka kulia, uniletee kilichomo. Bwana Mutua akanisimamia nyuma, Bi Swafiya pembeni yake. "Mwulize hamsini na moja," akasema Bi Swafiya. "Ile ya homa, niliyoyeyusha jana." Nikaandika 51, nikabonyeza. Chumba cha pembeni kikawaka: 169. Bi Swafiya akashika kifua. "Mia na sitini na tisa! Wallahi ndiyo niliyoiona!" Nikapiga kigelegele ndani ya ofisi ya watu, Bwana Mutua akaniambia nishike adabu huku yeye mwenyewe akipangusa miwani. Wiki tatu za kungoja barua zimekuwa kufumba na kufumbua! Kitabu kikafungwa kwa gazeti, kikarudi kwao Mombasa, bila doa kama alivyoahidi.

Zile ndizo siku zilizonipa furaha isiyokuwa na jina. Nilikuja kazini mapema, nikaondoka wa mwisho. Asubuhi moja ya baridi ya kusi, mafuta yangu ya nazi yaliganda ndani ya chupa, nami nikampelekea Bi Swafiya. "Haya yana digrii yake?" "Kwa nini yasiwe nayo?" Akayapima kwa heshima ile ile aliyopimia dawa: ishirini na nne. Nikayapa nambari themanini na moja, chini ya chupa zote. Wiki iliyofuata nikaleta nta ya nyuki kutoka shambani: sitini na tatu, nambari themanini na mbili. Niliota kwamba siku moja jedwali langu litakuwa na kila kilichomo Malindi, na si vitu tu, na watu. Unaandika jina la mtu, mashine inakwambia huyu anayeyuka kwa digrii ngapi. Nilimweleza Bi Swafiya, akacheka mpaka akaketi. "Na Bwana Mutua utamwekea ngapi?" "Elfu." "Muonee huruma, mwanangu. Mwekee mia tisa."

Sasa nije kwenye dawa ya kifua kikuu. Ilifika makopo matano, mara ya kwanza kuja kwetu kama unga, ifungwe kwa vipimo vya watoto. Zahanati ya Ganda ilikuwa imeshaomba mara mbili. Ikamiminwa kidogo katika chupa yake iliyokuwa tupu, nambari thelathini na nne, Bi Swafiya akafunga dirisha, tukanyamaza. Ikatoa jasho, ikayeyuka pap, mara moja, bila kusita. "Mia na sabini na moja," akasema. Nikaandika 34 katika chumba changu cha kuulizia. Kikajibu 176.

Akapima tena. Mia na sabini na moja. Akabadilisha kijineli, akapima mara ya tatu, polepole, taa ikiwa mbali. Mia na sabini na moja. Bwana Mutua akaja akasimama, mikono nyuma. "Digrii tano chini. Hii dawa ni chafu."

"Chafu haiyeyuki hivi, bwana," akasema Bi Swafiya. "Chafu husita. Hii imekubali kwa mara moja."

"Basi kipimajoto."

Akakitia kwenye maji yanayochemka mbele yake. Kikasoma mia, sawasawa. "Kipimajoto kizima."

Bwana Mutua akavua miwani, akaikunja. Hakuwa mtu mbaya, ningependa mjue hilo. Alikuwa mtu aliyeogopa kumpa mtoto dawa mbaya. "Mama," akasema kwa upole, na upole wake ndio uliouma, "juzi nilikuona ukitia uzi kwenye sindano. Ulijaribu mara sita. Mashine haina macho ya kuzeeka. Kadzo huyu aliandika moja kwa moja kutoka kwa kitabu, mimi nikisoma. Kama dawa ni safi kama unavyosema, basi ni macho." Akasema makopo yatafungwa utepe mwekundu mpaka yapelekwe kupimwa kwingine, na kwamba amepata kijana aliyesomea maabara. Kuanzia Jumatatu kijana huyo angekaa kwenye taa, na Bi Swafiya angehamia chumba cha kufungia vikaratasi. Barua ya uhamisho angempa Ijumaa. Bi Swafiya hakubisha. Alisema tu, "Haya, bwana," akafungua daftari lake jeusi, akaandika mstari mmoja, akazima taa kwa kifuniko chake. Nilimtazama usoni nisione kitu. Alikuwa mtu wa Malindi, mwenye kujisitiri, machungu yake hakuyaanika kama nguo.

Ijumaa asubuhi nilifika kabla ya wote, nikavua viatu, nikawasha mashine. Nilikuwa na hasira nayo kama mtu anavyokasirikia mchumba. Nikaiambia, kwa sauti, "Sema tena." Nikataka kuandika 34, lakini kwa hasira nikagonga nne mara mbili. 344. Na mashine ikanijibu bila haya: 63.

Nikakodoa macho. Sitini na tatu ni nta yangu ya nyuki! Na chupa ya mia tatu arubaini na nne haipo, rafu zetu zinaishia themanini. Nikaandika 500. Sitini na tatu. Nikaandika 900. Sitini na tatu, kijani kibichi, imetulia, ina uhakika wake. Nakwambia kweli, kwa nukta moja ilikuwa furaha tupu, furaha ya kumjua mtu tabia. Kumbe hivi ndivyo ilivyo! Ikishuka na nambari yako isiikute, hairudi kukwambia haipo. Inasimama kwenye nambari ndogo iliyo karibu, inachukua ya jirani, inakuletea kana kwamba ndiyo uliyoagiza. Nikaandika 33: 176. Nikaandika 34: 176. Nikashuka mwenyewe kwenye jedwali, kidole kwenye kioo. Thelathini na mbili. Thelathini na tatu. Thelathini na tano. Na furaha yote ikanitoka, maana nilisikia tena ladha ya mbaazi za nazi mdomoni, na sauti ya Bwana Mutua, "Umeweka?", na nikajiona naitikia kwa kichwa.

Wazo lilinijia, na sitalificha sasa nikiwa mzee. Ningeweza kuandika 34 mahali pake, na pembeni 171, nikanyamaza. Nani angejua? Ningesema, tazameni, mashine imetengemaa. Bi Swafiya angebaki kwenye taa, mimi ningebaki kwenye mashine, Ganda wangepata dawa. Hata mstari nilishaufungua, chumba kitupu kinapepesa, kinangoja. Lakini mia na sabini na moja ilitoka wapi? Ilitoka kwa jicho la Bi Swafiya, na jicho ndilo lililokuwa likihukumiwa. Ningekuwa nimemleta shahidi niliyemwambia la kusema. Na kama kopo lilikuwa chafu kweli, watoto wa Ganda ningewaambia nini, nami nawajua kwa majina?

Saa nne tukaketi kwenye chai, sote, hata wanawake wa kufunga vikaratasi. Barua ilikuwa mbele ya Bwana Mutua, chini ya kikombe. Nikasimama. "Bwana Mutua, kosa ni langu." "Kosa gani?" "Thelathini na nne sikuiandika. Ulisoma, nikaitikia, nilikuwa nakula. Nikairuka."

"Haiwezekani. Mashine imetoa jibu."

"Iulize mia tano, bwana."

"Hatuna mia tano."

"Iulize tu."

Akaenda, akaandika kwa kidole kimoja, watu wote nyuma yake bila viatu. Sitini na tatu. Akaandika mia tisa. Sitini na tatu. Akaandika elfu moja, kama mtu anayempa ndugu yake nafasi ya mwisho ya kutubu. Sitini na tatu. Ndipo Bi Swafiya akasema, "Kumbe ni kama wale wazee wa barazani! Ukiwauliza njia, hakuna atakayekwambia sijui. Atakuelekeza tu, upotee kwa heshima." Wanawake wa vikaratasi wakaangua kicheko, mimi nikaangua kilio, na Bwana Mutua akaenda kwenye simu.

Kupata Mombasa siku hizo ilikuwa kazi ya mapafu. Alipiga kelele kwa opareta, akangoja, akapiga kelele tena, akataja jina la dawa herufi kwa herufi. Sisi tulisimama kwenye mlango wa ofisi yake. Bi Swafiya alisimama nyuma ya wote, mkono juu ya mwimo wa mlango, anatazama sakafu. "Ndiyo... ndiyo, ukurasa huo... Rudia." Bwana Mutua akachukua moja ya zile kalamu tatu, akaandika kwenye kiganja chake. Akaweka simu chini, akatuonyesha kiganja. 171.

Sikumbuki kigelegele kilianzia kwa nani. Nakumbuka Bwana Mutua akimwendea Bi Swafiya, mtu mzima, mrefu vile, akainamisha kichwa na kusema, "Mama, nisamehe. Nilisahau nani alikuwa hapa kwanza." Nakumbuka akiikunja ile barua mara nne, akapiga goti, akaitia chini ya mguu wa meza ya taa, uliokuwa mfupi siku zote. Kwangu alisema, "Wewe tutaongea," na hatukuongea kamwe, ila tangu siku hiyo kila nambari tuliisoma mara mbili, na hakuna chakula kilichovuka mlango ule wakati wa kuandika. Bi Swafiya alinishika sikio, akalivuta kidogo, akaliachia. "Nenda kampe mwenzako chumba chake," akasema. Nikaenda nikaandika 34, na pembeni yake 171, nikaisoma mara tatu. Nyuma yangu yeye alifunga dirisha, akawasha taa, akapima tena kutoka kila kopo, matano yote. Kisha akafungua daftari jeusi, akaandika. "Umeandika nini, Bi Swafiya?" "Mambo ya kioo," akanijibu. Mwaka uliofuata niliolewa nikahamia Kilifi, na swali hilo nikahama nalo.

Alhamisi hii, watu walipoanza kutawanyika, mjukuu wake Rukia akaja akaketi nami mkekani. Anafanya kazi zahanati, anatembea na kompyuta yake kwapani kama mkoba. Nilimsimulia habari ya mia tano na nta ya nyuki, akacheka kicheko kile kile cha nyanyake. "Siku hizi, bibi, unaongeza neno moja tu mwisho wa fomula, uiambie nataka ile ile, si ya jirani. Isipoiona, inakwambia haipo." Nikafurahi mno. Imechukua miaka, lakini imejifunza adabu iliyobaki. Kisha Rukia akatoa mkebe wa biskuti, na ndani yake, likinuka spiriti bado, daftari jeusi. "Kuna jina lako humu. Nimesoma chuo kidogo, nitasoma polepole."

Akafuata kwa kidole, kutoka kulia kwenda kushoto. "'Thelathini na nne. Mia na sabini na moja. Mara tatu. Mashine yasema si hivyo. Huenda ni macho.'" Akageuza. "Hii ni ya siku ya pili yake. 'Sikulala. Nimetazama taa ya msikiti, nimeiona na ukungu. Huenda ni macho kweli. Ya Rabi, nisiwe nimewapa watoto wa watu kitu kibaya miaka yote hii.'" Nikamshika Rukia mkono. Sikujua. Nilikaa hatua tatu kutoka kwake siku zile, nisijue. Akasogeza kidole. "'Ijumaa. Thelathini na nne. Mia na sabini na moja, makopo yote. Kadzo amekiri mbele ya watu, naye angeweza kunyamaza. Macho yangu mazima, alhamdulillahi. Kesho nimfanyie mahamri.'"

Ni kweli, Jumamosi hiyo alinifanyia. Tuliyala nje, kwenye ngazi, mbali na mashine. Nilidhani ni mahamri tu.

Leso ikaniteleza kabisa, machozi nayo yakashuka, nami sikujali. Nyuma yangu wale wanawake wawili wakaanza tena. "Kapatwa na nini Mgiriama wa kompyuta?" Rukia akafunga daftari, akaniwekea mapajani.

"Mwacheni," akawaambia. "Amefika digrii yake."